Kamati ya Chakula Kilichobaki

Wifi yangu ana mdomo, na sitaki kumsingizia sifa asizokuwa nazo. Akija kwangu hufunua sufuria kabla ya kunisalimia, akaonja, akakunja uso, kisha akaniuliza kaka yake amenikosea nini hata nimlishe vile. Mtaa mzima unamwita Mama Mwiko. Ni mpishi wa taasisi moja kubwa yenye kumbi za semina, ambako wakubwa wa kila namna huja kujadili shida za watu wengine.

Wakubwa hao huagiza chakula cha ukumbi mzima, wakaja nusu ukumbi. Sufuria za wali na maharage zilikuwa zinarudi jikoni hazijaguswa, na amri ilikuwa zimwagwe. Wifi, ambaye nyumbani kwake hata ukoko hautupwi, roho ilimuuma. Akaanza kuzipitisha jioni mlango wa nyuma, kwa wabeba mizigo, kwa akina mama na watoto wao, na kwa bibi mmoja mfagia barabara aliyekuwa akija na mjukuu wake. Hakuna aliyemruhusu wala aliyemkataza, maana hakuna mkubwa aliyewahi kufika uani.

Siku mkurugenzi alipotokea huko, akitafuta pa kuongelea na simu, wifi alijua kibarua chake kimeota nyasi. Kumbe bwana mkubwa alifurahi. Alisema jambo zuri kama lile haliwezi kuachwa likafanyika hivihivi tu. Likaundiwa kamati, likapewa jina, Mpango wa Sahani Safi, na wifi akapewa cheo cha mratibu msaidizi pamoja na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Alikuja nacho kwangu, akala nacho, na nadhani alilala nacho.

Kamati ilianza kwa kufunga mlango wa nyuma mpaka utaratibu ukamilike. Kisha ikakaa kuupanga. Watu hawapangi utaratibu na njaa, kwa hiyo walikula, na kwa kuwa walikuwa wanajadili chakula kilichobaki, walikula chakula kilichobaki. Hakikumwagwa hata kijiko, na kamati ikajipongeza.

Wifi alinisimulia haya akicheka, lakini siku hiyo hakugusa sufuria yangu, nikajua ana jambo. Nilipombana akasema yule bibi bado anakuja kila jioni. Anakaa na mjukuu wake upande wa pili wa mlango, wala hagongi.

"Nikifungua nafukuzwa," alisema. "Nisipofungua namsikia mtoto analia."

Nilimwambia, kwa ukali ambao sikujua ninao, kwamba kitambulisho hakimshibishi mtoto. Akaninunia, akaondoka bila kuaga.

Siku ya uzinduzi hata hivyo alinialika, nikamwone na cheo chake. Wenye njaa waliitwa tangu asubuhi, wakaketishwa uani kwenye viti vya kukodi, wakavalishwa fulana zenye jina la mpango. Mbele yao zilipangwa sufuria, zimezungushiwa utepe ambao angeukata mgeni rasmi. Mgeni akachelewa. Hotuba zikasomwa bila yeye, mojawapo ikieleza kirefu njaa ni kitu gani, labda kwa faida ya wale waliokuwa hawajui. Harufu ya chakula ndiyo pekee iliyogawiwa. Mchana ulipokuwa unaisha, mkurugenzi alishika kipaza sauti akasema mgeni rasmi amepata udhuru, uzinduzi umesogezwa hadi wiki ijayo, sufuria zirudi jikoni, na fulana zirudishwe zikiwa safi.

Yule bibi akanyoosha mkono kwa adabu zote.

"Samahani, baba. Hiyo wiki ijayo tuje na njaa hii hii, au tutafute nyingine?"

Wifi alivua kitambulisho, akakiweka mezani mbele ya mkurugenzi, akatoa kisu cha vitunguu mfukoni mwa aproni, akaukata utepe. Hakusema neno, na kwa mtu mwenye mdomo kama wake, hilo lilitisha kuliko kisu. Akaanza kupakua. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Kesho yake kamati iliitwa kwa dharura kumjadili. Kosa lake lilikuwa zito, kwa hiyo kikao kikawa kirefu, na kikao kirefu kinataka chakula. Wakatuma mtu jikoni kumwambia apike. Akapika, tena kwa moyo wote. Wakala, wakabakiza nusu kama kawaida yao, wakaendelea kumjadili.

Jioni wifi alibeba sufuria mpaka mlango wa nyuma, akaufungua. Bibi alikuwepo na mjukuu wake. Akauliza leo huko ndani kuna shughuli gani, hata chakula kikabaki kingi namna hii.

"Wananifukuza kazi," wifi alimjibu. "Lete bakuli."