Suruali ya Mdogo Wake Mwalimu Futi

Mtaani tunamwita Mwalimu Futi, ingawa futi yenyewe ya kupimia anaishika mara chache kuliko kikombe cha chai. Akishakupima mara moja, basi, umeingia kichwani mwake: kiuno, mabega na ile kasoro unayoificha. Ukirudi hata baada ya miaka anakutazama tu, anasema, "Nakukumbuka, nenda zako," na nguo inakukaa. Mimi natia vifungo na kukunja mapindo kwenye chumba chake cha ushonaji, kwa hiyo majivuno yake nayameza kila siku pamoja na vumbi la vitambaa.

Ualimu aliupata kanisani. Kila Jumapili baada ya ibada hufundisha darasa la ubatizo, na somo la kwanza halibadiliki: mtu ni nini. Mimi nimebatizwa zamani, lakini hukaa benchi la nyuma kupumzisha miguu, na jibu lake nimelisikia hadi naliota. Mtu ni udongo, anasema, kwa hiyo asijikweze. Udongo huo umepuliziwa pumzi ya Mungu na kubeba mfano wake, kwa hiyo asidharauliwe. Kisha anaongeza la kifundi: mwili si gunia la kubebea roho; Mungu mwenyewe aliuvaa, tena ukamtosha. Hapo hungoja wanafunzi wacheke. Wasipocheka, hurudia.

Na anaishi hivyo kweli, sitamsingizia. Mwenye kibiongo, mwenye mguu mfupi, mlevi aliyeburutwa na mkewe, wote huwapigia magoti kupima urefu wa mguu, na huwaambia "samahani" kabla ya kuwagusa. Udongo wote uliheshimiwa kwetu isipokuwa wa mtu mmoja: mdogo wake wa tumbo moja. Huyo hakufika kumzika mama yao wala hakueleza kwa nini, na tangu siku hiyo Mwalimu alimfuta. Wanafunzi wakimuuliza kama ana ndugu, alikuwa anakohoa na kugeukia ubao.

Basi Jumatatu moja mdogo mtu akaingia, fimbo mkononi, kitambaa kwapani, koti refu limemfunika hadi magotini.

"Shikamoo, kaka."

Mwalimu alikuwa na pini mdomoni, na sijawahi kuona mtu akizipenda pini kiasi kile. Marahaba ilipita kwenye pembe ya mdomo.

"Binti yangu anafunga ndoa Jumamosi," mdogo wake akasema. "Ameniomba nimsindikize mpaka mbele. Sina suruali ya maana. Sitaki aone aibu siku yake."

"Acha kitambaa."

"Hunipimi?"

"Nakukumbuka."

Alipotoka, nilishindwa kujizuia. "Mwalimu, ungempima mtu."

"Mama Vifungo, shona vifungo."

Nikashona vifungo.

Suruali aliishona kwa hasira na ikatoka nzuri, kwani hasira haijawahi kumharibia mshono. Alhamisi mdogo wake akarudi, akavua koti, akaenda kuijaribu nyuma ya pazia. Alikawia. Alipotoka alikuwa ameishikilia kiunoni kwa mikono miwili, na ndani yake palibaki nafasi ya mtu mwingine. Ugonjwa ulikuwa umemla, na sisi tulikuwa tumeangalia koti. Mwalimu alikuwa amemshonea kijana aliyemkasirikia, yule wa kifua kipana aliyekuwa akibeba magunia, na kijana huyo hayupo tena.

"Huyu uliyemshonea alikuwa na nyama, kaka," mdogo wake akasema, akijaribu kucheka.

Mwalimu akaanza kutafuta futi. Akapekua meza, akapekua mifuko, akatazama hata chini ya pasi. Ilikuwa kwenye droo yangu. Nilimtolea, nikampa.

Akapiga magoti. "Samahani," akasema, kama anavyowaambia wote.

"Mimi ndiye wa kusema hivyo," akajibu mdogo wake. "Siku ya kumzika mama nilifika mpaka kona ya nyumbani. Nikaona watu, nikaona jeneza linatoka, miguu ikakataa. Halafu nikaona haya kurudi. Basi."

Mwalimu alibaki pale chini, ameushika ule mguu mwembamba, muda mrefu kuliko mguu wowote unavyohitaji. Niliinamia vifungo vyangu kwa sababu nilikuwa nalia, na sikutaka anione akapata la kunisema mwaka mzima. Mwishowe akasimama, akamzungushia futi kiunoni.

"Usijibane," akamwambia taratibu. "Pumua tu kawaida."

Jumamosi binti alifika mbele ameshika mkono wa baba yake, na suruali ilimkaa. Mwalimu aliwaambia watu wa benchi zima nani ameishona, hata wasiouliza.

Jumapili yake darasa lilikuwa na wanafunzi wapya. Udongo, pumzi, gunia, wakacheka kidogo. Msichana mmoja akanyoosha mkono, akamuuliza Mwalimu kama naye ana ndugu. Nikajiandaa kusikia kikohozi.

"Ninaye mmoja," akasema. "Kiuno ishirini na nane."