Petroli Kwenye Gundi ya Mjukuu Wangu

Mie kazi yangu ni kubandika sponji. Hayo masofa mnayojinyoosha na kusinzia, ndani yake kuna vipande vya sponji vimebandikwa kimoja juu ya kingine, kigumu chini, laini juu, na aliyevibandika ni mtu. Keko hapa Temeke, kwa miaka mingi mtu huyo nimekuwa mie. Wanaume wanapigilia mbao na kuvuta kitambaa, gundi wananiachia. Siyo kwa huruma. Wananiachia kwa sababu sofa niliyobandika mie mteja hairudishi.

Kipimo changu ni kimoja tu. Chukua vipande viwili, paka, subiri, bandika. Ikishakauka, shika huku na huku uvute kama unagombana na mtu. Vikiachana pale ulipopaka, hiyo siyo gundi, ni uji. Lakini sponji yenyewe ikichanika na pale ulipobandika pasitikisike, hapo umepata gundi. Sikufundishwa na mtu. Shule niliachia darasa la nne huko kwetu Newala, nikaja mjini na mume, mume akafa, mikono ikabaki.

Gundi yetu ya siku zote ilikuwa ya njano, nzito, inanuka petroli mpaka barabarani. Ukifungua ndoo asubuhi macho yanakutoka machozi. Ikizidi uzito, tunaipunguza kwa petroli, kikombe au viwili, mpaka brashi ikimbie. Kila karakana ya masofa, ofisi tunavyoiita sie, inafanya hivyo. Na kila fundi atakuapia kwamba gundi inayonuka zaidi ndiyo inayoshika zaidi.

Mjukuu wangu wa kike amekulia kwenye harufu hiyo. Nilimchukua ana miaka mitatu, mama yake alipoolewa mkoani, nikawa namlaza mchana kwenye rundo la mabaki ya sponji huku nafanya kazi. Siku moja, yuko kidato cha pili, nilimpakulia maharage ya jana. Akaisogeza sahani.

“Bibi, haya yamechacha.”

Nikainamisha pua, nikanusa. Sikusikia kitu. Nikamwambia anaringa. Akainuka, akakata kitunguu, akaniwekea chini ya pua.

“Unasikia nini?”

“Nasikia mtoto anayetaka kofi. Kiondoe, nimelia vya kutosha na gundi.”

Hakucheka, alishajua hata kitunguu sikisikii harufu. Alikichukua kile kitunguu akakiweka mezani, akakitazama kama mtu anayesoma barua mbaya. Tangu siku hiyo akawa ananiuliza maswali ya gundi. Inatengenezwa na nini, kwa nini inakauka, kichwa kinaanza kuuma baada ya muda gani. Mie nilidhani ni udadisi wa kitoto. Kumbe mwenzangu kaanza kazi.

Alisoma kemia mpaka chuo kikuu. Sikuijua kemia ni nini, nilijua inakula madaftari. Akapata kazi kiwanda kimoja upande wa Ukonga, wanatengeneza sponji za magodoro na viti vya mabasi, na gundi za kila namna. Kazi yake ni kutunga mchanganyiko. Anatia hiki kidogo, kile kidogo, anapasha moto, anapima, anamwaga, anaanza upya. Aliponieleza nikakumbuka kwetu, watoto tulivyokuwa tukichemsha utomvu wa mti kupata ulimbo wa kunasia ndege, kila mmoja na ujanja wake wa kuchanganya. Nikamwambia, “Kumbe umesoma miaka yote hiyo ukapike ulimbo!”

“Ndiyo, mke mwenzangu. Ila ulimbo wangu utanasa masofa.”

Ananiita mke mwenza, utani wa wajukuu wa kike na bibi zao, ingawa mume tunayemgombania alishazikwa.

Gundi aliyoitaka ilikuwa isiyo na petroli kabisa. Alinifafanulia hivi: chembe ndogondogo za mpira zinaogelea ndani ya maji, maji yakikauka zinashikana mikono, hazichomoki tena. Ukipaka inakuwa nyeupe. Ikigeuka kama kioo, iko tayari, bandika. Nikamwambia kusema ni rahisi, alete nivute.

Akaleta. Kila Jumamosi anakuja na vichupa vimeandikwa namba, nami napaka kibarazani, nasubiri, navuta. Cha kwanza kiliachana kabla sijavuta. Cha pili nikamwambia hakifai hata kubandikia stempu. Kuna kimoja kilishika vizuri Januari, juani, tukapiga vigelegele wawili peke yetu. Ikaja masika, kikakaa cheupe kutwa nzima, hakikauki.

“Lakini maabara kilikauka,” akasema, uso umemshuka.

“Maabara yenu ina kiyoyozi. Sie Keko tuna mvua na bati linalovuja. Unamtengenezea nani, mafundi au kiyoyozi?”

Aliandika maneno hayo kwenye daftari lake, nilimwona. Akaondoka bila kunywa chai. Baada ya wiki nyingi akarudi na kichupa kingine, mvua inanyesha vilevile. Nikapaka. Nikasubiri kidogo tu, weupe ukaondoka. Nikabandika, tukala, tukafua, nikavishika vile vipande nikavivuta. Sponji ikachanika katikati, chwaa! Nilikaa chini na kipande kila mkono. Mtoto niliyemlaza kwenye mabaki ya sponji ametunga gundi kwa kichwa chake.

Bosi wake ni mama wa makamo, sauti ya chini, hapayuki, lakini akifunga faili limefungwa. Alimwambia mjukuu wangu kwamba vipimo vya maabara ameviona, sasa anataka kuona mikono ya mafundi. Ataleta ndoo moja ofisini kwetu. Mafundi wakiikubali, kiwanda kinaanza kuitengeneza. Wakiikataa, mradi mzima unaishia hapo, na mjukuu wangu anarudishwa kukagua magodoro, kazi aliyoanzia kabla ya kupewa kutunga gundi. Miaka yake yote ile ilikuwa ndani ya ndoo moja.

Ndoo ililetwa jioni ya kuamkia siku ya majaribio. Mjukuu wangu akaniambia, “Bibi, hii isiongezwe kitu. Chochote.” Nikaitikia. Maneno yale niliyachukulia ni ya kuwaambia wasioijua kazi.

Asubuhi niliwahi kuliko wote. Nikaifungua. Ilikuwa nyeupe, nzito kama tui la kwanza. Nikachovya brashi, ikavutika, ikakokota. Na hapo nikaiona aibu kabla haijafika: bosi amesimama, mafundi wamekunja mikono, na brashi imekwama kwenye gundi ya mjukuu wangu. Kikombe cha petroli kilikuwa palepale kinapokaaga siku zote. Nikatia kimoja. Nikakoroga mara tatu nne, nikasikia fundi mkuu anafungua geti, nikafunika haraka ili isionekane kwamba gundi ya mtoto wangu imehitaji kusaidiwa. Nikajipongeza kabisa. Nikasema moyoni, leo itateleza kama samli.

Walifika saa nne, bosi na mjukuu wangu. Mjukuu wangu amevaa koti jeupe, kalamu mfukoni, ananisalimia “Shikamoo bibi” mbele za watu kwa adabu zote. Mafundi wakasogea. Fundi mkuu akafunua ndoo.

Maziwa yaliyokatika. Hicho ndicho kilichokuwa mle ndani. Mabonge meupe yanaelea kwenye maji ya kijivu. Akachovya brashi, ikatoka na bonge moja kubwa linaning'inia kama kamasi.

“Hii gundi au mtindi? Leteni sukari!”

“Mie nilisema toka jana, kitu hakina harufu hakiwezi kuwa na nguvu,” fundi mwingine akadakia.

“Sista, rudi nayo, kaoshee vyombo.”

Mjukuu wangu alichuchumaa. Akachovya kidole, akakipeleka puani. Nikaona mabega yake yamesimama. Macho yake yakaenda kwenye kikombe kilichoko pembeni, yakaja kwangu, yakaondoka. Alijua. Akainuka, akamgeukia bosi wake.

“Mchanganyiko umeachana, mama. Nadhani kuna mahali nimekosea.”

“Umeachana siku moja tu baada ya kutoka kiwandani?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi,” yule mama akasema, akaanza kufunga faili.

Sasa jamani, nilikuwa na njia ya kunyamaza. Ameshanipa mjukuu wangu mwenyewe. Ningebaki bibi anayeheshimiwa Keko nzima, anayeijua gundi kuliko wanaume, na yeye angerudi kukagua magodoro, na tungekula ugali meza moja bila kulitaja jambo hilo mpaka nife. Nikasogea mpaka kwenye ndoo.

“Mama, usifunge. Petroli nimetia mie.”

Fundi mkuu akashtuka, “Bibi! Wewe tena?”

“Usiniite bibi kwa sauti hiyo. Juzi hapa ulitia vikombe viwili kwenye ya njano, nani alikuuliza?”

Watu wakacheka, yule mama hakucheka. “Hukuambiwa usiongeze kitu?”

“Niliambiwa. Na hawa wote ukiwaambia watasema ndiyo mama, ukigeuza mgongo watatia. Brashi ikikwama, mkono wa fundi unajiendea wenyewe kwenye petroli. Nilitaka gundi ya mjukuu wangu ipakike vizuri mbele yako. Nimeiharibu. Yeye hajakosea popote.”

Yule mama akawageukia mafundi. “Semeni kweli. Nani kati yenu angetia?”

Wakatazamana. Mmoja akanyanyua mkono nusu, kama mwanafunzi asiye na uhakika. Halafu wa pili. Mwisho fundi mkuu naye akanyanyua, anatazama dari.

“Wewe ulijua?” yule mama akamuuliza mjukuu wangu.

“Nilisikia harufu.”

“Mbona hukusema?”

“Ni bibi yangu.”

“Usinidanganye tena kuhusu kipimo,” akamwambia. “Hata kwa ajili ya bibi.” Lakini faili alikuwa amelifungua tena.

Kulikuwa na kidumu kingine kwenye gari, sampuli ya akiba. Mjukuu wangu akakileta, akatia maji kidogo kutoka kwenye chupa yake ya kunywa ili brashi ikimbie, maana gundi hii inapatana na maji tu, akanipa brashi. Mie huyohuyo niliyeharibu. Nikapaka vipande sita, mbele ya macho yao. Tukasubiri weupe uishe, fundi mmoja ananiimbia “Bibi petroli, bibi petroli,” nami namwambia akalee mke wake. Nikabandika. Wakaenda kula. Waliporudi, fundi mkuu akashika kipande cha kwanza, akakaza shingo, akavuta. Sponji ikachanika. Akachukua cha pili, akakanyaga upande mmoja kwa mguu, akavuta kwa mikono miwili. Ikachanika. Akapatazama pale palipobandikwa, akapanusa.

“Haina harufu,” akasema, “lakini ina kiburi.”

Nilidhani yamekwisha, kumbe bado. Yule mama alimwambia mjukuu wangu pale pale, “Gundi inashika, nimeona. Ila hii bado sitengenezi. Nitungie gundi ambayo bibi yako hataitia petroli.”

Ilichukua miezi. Kuipunguza uzito ni jambo dogo, aliniambia, ila ukizidisha maji haikauki masika, ukipunguza brashi inakokota. Alikonda. Jumamosi hakuja tena na vichupa, akasema safari hii bibi asionje mapema. Nikakubali, kosa lilikuwa langu.

Siku moja likaja gari kunichukua. Nikavaa kitenge changu kipya na viatu vya kwenda harusini. Kiwandani wakaniingiza chumba chenye meza ndefu, watu wa makoti meupe wamepanga mstari, wengine na mvi zao, na aliyekuwa anawaelekeza ni yule mtoto wangu. “Weka hapo. Siyo hapo, hapo.” Nao wanaweka. Nilitamani nimwite mtu yeyote wa Newala aje aone.

Mezani kulikuwa na ndoo nyeupe, brashi, na marundo ya sponji. Na pembeni ya ndoo, upande wa mkono wangu wa kulia, kikombe cha petroli.

“Bibi,” akaniambia, hana hata tabasamu, “paka kama unavyopakaga ofisini. Ukihitaji chochote, chukua.”

Nikaelewa nimewekewa mtego, na kwamba kinachopimwa siyo gundi, ni mkono wangu. Mkono ningeweza kuuzuia. Lakini nilishaharibu kipimo kimoja kwa kumpendelea, sikuwa tayari kuharibu cha pili. Nikauachia mkono ufanye utakalo.

Nikachovya. Brashi ikaenda. Nikapaka kipande cha kwanza, cha pili, cha tano, nikaanza kumweleza kijana mmoja wa koti jeupe kwamba sponji ya kiti cha dereva inataka kupakwa pembeni zaidi, maana anakaa upandeupande, na yeye anaandika. Nikamaliza rundo lote. Nilipoinua kichwa kuomba rundo jingine, chumba kizima kilikuwa kinatazama kile kikombe. Kilikuwa kimejaa vilevile.

Yule mama akachukua kalamu kwenye mfuko wa mjukuu wangu, akasaini palepale mezani karatasi ya kuruhusu gundi ianze kutengenezwa, karatasi ikagusa gundi, ikanasa. Walipojaribu kuibandua, ikachanika.