Sufuria ya Bata wa Mwitu

Mimi ni fundi wa nguo. Kibanda changu kiko Makongeni, na kwa miaka mingi ndege niliowajua ni kuku, njiwa na kunguru mmoja aliyezoea kuiba maandazi ya jirani yangu. Nilijiunga na kikundi cha watazamaji ndege kwa sababu ya mifuko. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa akifundisha bayolojia, alikuja kuniagiza nimshonee mifuko ya turubai ya kubebea darubini. Siku ya kuichukua aliniuliza kama nimewahi kumtazama ndege kwa darubini. Nikacheka. Akanivalisha yake shingoni, akanielekeza kwenye waya wa stima ng'ambo ya barabara, nikamwona ndege mdogo ambaye kifua chake kiling'aa kama shaba iliyosuguliwa. Alikuwa akikaa pale kila siku, mbele ya kibanda changu, na sikuwahi kumwona. Jumamosi iliyofuata nilifunga kibanda nikaenda nao.

Tulikuwa watu kama kumi na watano wa Thika na Ruiru. Kuna Jumamosi tulizopanda miti ya kienyeji kando ya mto, na kuna tulizowapeleka watoto wa shule kuona viota. Mara moja kila mwezi tulienda kuwahesabu ndege wa majini kwenye bwawa moja katikati ya mashamba ya kahawa, upande wa Ruiru. Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa haujapanda. Mwenzetu mmoja, mwendesha bodaboda wa Juja ambaye ana macho makali kuliko darubini yoyote, ndiye aliyesimama kwanza. Akainua mkono.

"Mwalimu, huyo bata ako sawa kweli?"

Bata wa mwitu alikuwa kwenye matope, hatua chache tu kutoka kwetu, na hakuruka. Alijaribu kusimama, miguu ikamkataa. Alikunjua bawa moja akaliburuta kama mtu anayeburuta koti. Nyuma yake, kwenye nyasi, walikuwa wengine wanne, hawasogei kabisa. Kando yao palikuwa na rundo la manyoya na alama za viatu vya mpira.

Mwalimu aliinama. Kwenye udongo palikuwa na punje za mahindi zilizomwagwa, lakini rangi yake haikuwa ya mahindi.

"Asiguse mtu kitu," alisema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema kwa sauti hiyo. "Wamewekewa sumu."

Mlinzi wa shamba la kahawa alitukuta hapo. Tulipomuuliza, alijikuna shingo kwanza. "Kuna watu hukuja na magunia asubuhi mapema. Huwa wanaokota, wananyonyoa, wanaenda kuuza. Juja, Witeithie, huko kote. Watu wananunua kama kuku."

 Jioni iliyotangulia mama yangu, anayeishi Witeithie peke yake, alikuwa amenipigia simu akiwa na furaha. Binamu yangu, mtoto wa kaka yake marehemu, alikuwa amemletea ndege wawili walionyonyolewa tayari. Ni wa mwituni, aliniambia, watamu kuliko hawa wa kununua. Na kesho yake, yaani leo, akina mama wa kanisa wangekuja kwake kwa maombi saa sita, kwa hivyo Mungu alikuwa amempa kitoweo cha wageni bila yeye kuomba. Mimi nilikuwa nimemwambia, "Basi niwekee paja."

Nikampigia. Sauti ya yule mwanamke wa kampuni ya simu ikaniambia mteja hapatikani. Nikapiga tena. Mama ana tabia ya kuizima simu akipika, eti inamkatiza. Nikapiga mara ya tatu nikiwa tayari natembea kuelekea barabarani, na sikumbuki nilivyomweleza mwenye bodaboda. Nakumbuka tu kwamba aliwasha pikipiki kabla sijamaliza.

"Shika vizuri, sista," aliniambia.

Ilikuwa saa tatu kasorobo. Nilikuwa nikihesabu akilini: mama huamka saa kumi na moja. Huweka nyama motoni mapema ili iive polepole. Huonja. Mama yangu huonja kila kitu, chumvi anaipima kwa ulimi. Tulipoingia barabara kuu, malori yalikuwa yakitupita kwa upepo wa kutuyumbisha, na mimi ambaye huogopa hata kupanda pikipiki ya mtaani nilikuwa nikimpiga mgongoni aongeze mwendo. Nilijaribu kuomba. Maneno yaliyotoka ni moja tu, asionje, asionje, asionje.

Lango la mama lilikuwa wazi. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni, na harufu ikanikuta uani. Ilikuwa harufu nzuri, vitunguu na dania. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Mama alikuwa amesimama kando ya jiko na mwiko mkononi.

"Ngai, Mungu wangu! Umeshikwa na nini mapema hivi?"

"Umekula?"

"Kula nini? Wageni hawajafika."

"Mama, umeonja hiyo supu?"

Aliniangalia kama mtu anayeulizwa kama anajua kupika. "Kidogo tu. Nilitaka kujua chumvi."

 Nilichukua kitambaa, nikaishika sufuria kwa masikio yake mawili, nikaibeba hadi choo cha shimo nyuma ya nyumba, nikamwaga vyote. Mama alinifuata akipiga kelele. Aliniita mwendawazimu, akaniuliza sasa angewalisha nini wageni ishirini. Mwenye bodaboda ndiye aliyemwambia, kwa adabu kama anayesema na bibi yake, huku amevua kofia yake ya chuma: "Shosho, hao bata walikuwa na sumu. Tumetoka kuwaona wenzao."

"Sumu gani? Huyu ni kijana wetu alileta."

"Matumbo yao ulitupa wapi?" nikamuuliza.

Aligeuka kutazama uani. Kisha akasema polepole, "Nilimpa paka."

Paka wake alikuwa wa kijivu, mzee, na kila mgeni alipofika alikuja kujisugua miguuni. Hakuwa amekuja. Tulimtafuta sote watatu. Nilimpata mimi, nyuma ya tangi la maji, amelala ubavu, povu limekaukia mdomoni. Sikutaka mama amwone, lakini alikuwa nyuma yangu tayari.

Nilipogeuka, uso wake ulikuwa umelowa jasho. Ilikuwa asubuhi ya baridi. Akafuta mdomo kwa leso, mate yakaendelea kutoka. Nikamshika kidevu nikamtazama machoni, na ile nukta nyeusi ya katikati ilikuwa imekuwa ndogo kama ncha ya sindano yangu.

"Miguu imekuwa mizito," alisema. Hapo sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Jirani alitoa gari lake la kubebea maziwa. Mama alilazwa juu ya mapaja yangu, akatapika mara mbili kabla hatujafika Thika, na kila alipofumba macho nilimwita. Nilimwita kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Hospitalini waliniuliza amekula nini, nikawaambia, wakaniuliza sumu ya aina gani, sikujua. Nikampigia mwalimu. Alikuwa bado bwawani na wenzetu. Alizungumza na daktari moja kwa moja, akamweleza rangi ya mahindi na jinsi ndege walivyokuwa wakiyumba. Walimdunga mama sindano, wakamwekea maji, wakaniambia nikae nje.

Nilikaa nje. Ilipofika saa tisa nesi alikuja kuniambia mama anaomba chai.

Alipona, ndiyo. Alikuwa ameonja kijiko kimoja, labda viwili. Daktari alisema kama angekula sahani nzima tungekuwa tunaongea mambo mengine. Wale akina mama ishirini walifika saa sita wakakuta jiko limezimwa, wakaombea uani bila kujua walichoepuka.

Siku ya pili binamu yangu alikuja hospitalini na mkate na maziwa. Nilimtoa nje hadi kwenye ngazi.

"Hao bata ulitoa wapi?"

"Kuna mtu aliniuzia."

"Usinidanganye. Nimeona alama za viatu. Nimeona mahindi."

Aliangalia viatu vyake. "Sisi hutoa matumbo kabla ya kupika, na haiwi shida. Mimi mwenyewe nimekula hiyo nyama mara nyingi. Watoto wangu wamekula. Hakuna mtu amewahi kufa."

"Unajuaje?"

Nikaona kwamba hajawahi kujiuliza. Kisha akanishika mkono. "Tafadhali usiende kusema. Nitafungwa. Na hao wengine si watu wazuri, wakijua ni wewe umesema, mimi siwezi kukusaidia."

Hakusema kwa vitisho. Alisema kama mtu anayeogopa, na hofu yake ikaniingia mimi. Kwa wiki mbili sikuweza kushona mshono ulionyooka. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya kibanda changu ilinifanya niweke mkasi karibu. Niliwaza juu ya watu wote wa Juja na Witeithie wanaonunua nyama iliyonyonyolewa tayari, niliwaza pia juu ya watoto wa binamu yangu, na bado nikanyamaza. Sijivunii hilo.

Mwalimu alikuwa amepanga mkutano katika ukumbi wa kanisa la Witeithie, kikundi chetu kizungumze na watu juu ya sumu hiyo. Aliniomba niseme yaliyotupata. Nilikubali, na asubuhi ya mkutano nikamwambia siwezi. Nilikaa benchi la nyuma. Mwalimu alieleza vizuri, akaonyesha picha, lakini watu walikuwa wakinong'ona, na mwanamume mmoja akauliza kama ndege wamekuwa muhimu kuliko watu kula.

Mama yangu alisimama. Alikuwa bado anatembea na fimbo.

"Mimi nilionja kwa mwiko," alisema. "Mwiko, si sahani. Paka wangu alikufa. Na nyinyi," akawaelekezea fimbo akina mama wa mbele, "mlikuwa mje mle kwangu saa sita ile ile. Ningewaua nyote nikiwa nimevaa leso ya kanisa."

Kisha akaketi. Hakumtaja aliyemletea, lakini binamu yangu alikuwa amesimama mlangoni, na nilimwona akitoka.

Mtu mmoja aliyekuwa akiwauzia binamu yangu na wenzake sumu alihama kabla hajafikiwa na mtu yeyote. Barabarani nyama ile haionekani tena waziwazi, ingawa sijui kama imekwisha au imehamia mahali pengine. Mwezi wa tatu baada ya hapo, binamu yangu alikuja bwawani bila kualikwa. Alimwambia mwalimu kwamba kuna sehemu mbili zaidi walikokuwa wakimwaga mahindi, kwenye matete upande wa mbali, na kwamba yeye anaweza kuzionyesha. Tulivaa glavu tukamfuata kwa mstari. Alitembea mbele, akipasua matete kwa mikono, akionyesha hapa na pale, na mwalimu akikusanya punje kwenye mfuko wa plastiki. Mimi nilikuwa wa mwisho. Wakati wa chai binamu yangu alinikaribisha chapati kutoka kwenye kifurushi alichofungiwa na mke wake. Nilimshukuru, nikaishika. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu, wenzangu wakila na kucheka, nikashindwa kuitia mdomoni.