Jumamosi Tulizoyeyusha Mukuba

Kama ulisoma sekondari hapa Lubumbashi zamani zetu, kabla simu haijaingia mifukoni mwa watoto, huhitaji nikueleze Jumamosi ya mtaani kwetu Katuba ilikuwaje. Ufagie kiwanja, uchote maji, usugue sufuria ya jana yenye ukoko wa bukari, ugali wetu, mpaka mkono ukuume, ndipo mama akuachilie. Wenzangu wakiachiliwa walikwenda kucheza nzango barabarani, wakirusha miguu na kupiga makofi mpaka vumbi likaingia kwenye sombe, kisamvu cha watu. Mimi nilivaa tena sare ya shule nikaenda kwenye kilabu ya sayansi. Mama alinitazama nikifunga viatu, akatikisa kichwa. "Weye Béa, Mungu alikupatia siku ya kupumuzika, weye unairudisha ku masomo!" Alisema hivyo huku akinifungia mihogo na karanga kwenye karatasi, maana alijua nitashinda huko.

Kilabu ilikuwa ya Monsieur Kabeya, mwalimu wetu wa kemia, mtu mwembamba aliyepiga pasi suruali yake mpaka mkunjo ukasimama wenyewe. Laboratware yetu ilikuwa kabati moja. Ndani mlikuwa na chupa ambazo dawa zake zilikwisha kabla sisi hatujazaliwa, kwa hiyo tulijifunza kemia kwa kusoma vibandiko vyake. Mengine tulifanya kwa ndimu, majivu, misumari na chumvi ya jikoni. Nyinyi mliopitia shule kama zile mnajua kwamba hatukuona ajabu yoyote. Tulidhani ndivyo sayansi inavyofanywa duniani kote.

Monsieur Kabeya alikuwa na amri moja aliyoirudia kuliko Baba Yetu. "Mukifanya expérience, mubadirishe kitu kimoya tu. Mukibadirisha bitu bibili, hamutayua ni kipi kilifanya kazi." Amri ile iliniingia kichwani mpaka nikaipeleka jikoni. Siku moja nilipika sombe bila mawese, siku ya pili kwa mawese lakini bila chumvi, nione ni kipi hasa kinacholeta utamu. Siku ya pili hiyo mama alinikimbiza na mwiko mpaka kwa jirani, na baba alikula mkate.

Mwisho wa mwaka wa masomo, baridi ya kiangazi ikianza, shule za mji zilikutana kushindana kwa sayansi. Kila shule ilileta kazi yake, majaji wakapita wakiuliza maswali, na wanafunzi wa kazi iliyoshinda walipewa wiki mbili za likizo kwenye laboratware za univerisiti. Wiki mbili! Uvae blauzi nyeupe, koti lile la maabara, ushike chupa zenye kitu ndani yake. Niliitaka nafasi ile mpaka nikaiota. Nilikuwa nachukua shati jeupe la baba la kuendea misa, nalivaa mbele nyuma, nasimama mbele ya kioo na kumwaga maji kutoka kikombe kimoja kwenda kingine, polepole, uso umekunjwa kama wa profesa.

Kwa hiyo mwaka ule nilipotoa wazo langu kilabuni, sikuwa natania. Nilisema tuyeyushe mukuba, shaba ile inayolisha mji huu, na tuifanye kama wazee wa kale: tanuru la udongo wa kichuguu, makala, yaani makaa ya miti, na jiwe la kijani. Babu yangu alikuwa mtu wa reli, maisha yake yote alisikia mabehewa ya mukuba yakipita kwenda mpakani Sakania, lakini kwetu hakuna aliyewahi kuuona mukuba ukitoka katika jiwe. Monsieur Kabeya alipiga kofi mezani kwa furaha. Alinipa wenzangu wawili. Trésor alikuwa na ulimi wa asali, angeweza kumwomba mkaguzi maksi na akapewa. Papy alibeba vizito na kusema machache. Trésor alimleta mjomba wake, Papa Monga, aliyekuwa na karakana kule Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, ya kutengeneza mbabula, majiko ya kupikia. Yeye alikuwa na mvukuto, na bila mvukuto moto wa makala hauwezi kufikia joto la kuyeyusha jiwe.

Mara ya kwanza tulipowasha, mvua za mwisho zilikuwa bado zinapiga. Gunia la makala lilikuwa limeegemea ukuta wa shule, limelowa mpaka ndani. Tulivukuta asubuhi nzima, tukalia kwa moshi, tukatoa madonge meusi kama mavi ya mbuzi. Mara ya pili, vivyo hivyo. Nikasema, makala yamelowa, moto unapoteza nguvu kwa kukausha maji badala ya kupasha jiwe. Papa Monga alinisikiliza kwa upole, akajifuta uso, akamgeukia Trésor kana kwamba mimi sipo.

"Moto ya mukuba haipendake mwanamuke. Nkambo yangu, baba ya baba yangu, alikuwaka anaitengeneza kule kwetu. Mwanamuke hapitake pale, hata na chakula."

"Wapi, Papa!" nikasema, nikacheka. Nikawatazama wenzangu ili tucheke pamoja. Trésor na Papy, ambao wiki ile ile walipata maksi nzuri za somo la mwako, walikuwa wanatikisa vichwa kukubali.

Mvua zilipokatika nililichukua gunia nikaenda nalo nyumbani. Niliyatandaza makala juu ya mabati ya mama uani, nikayageuza kila siku nikitoka shule, viganja vyangu vikawa vyeusi hata kanisani. Majirani walipita wakiuliza kama siku hizi makala yanaanikwa kama dagaa wa kapenta. Yalipokauka mpaka yakalia kama vigae yakigongana, Papy alikuja kulichukua gunia. Jumamosi ile mimi sikwenda. Mdogo wangu alikuwa na homa, mama alikuwa sokoni, nikambeba mgongoni mpaka zahanati. Na ndiyo Jumamosi mukuba uliyotoka.

Jumatatu Trésor alifungua kiganja chake mbele yangu. Kilikuwa kipande kidogo kama punje ya haragwe, chekundu, kizito kuliko nilivyodhani. Mamawe! Nilipiga kelele mpaka darasa la jirani wakachungulia. "Si nilisema? Si nilisema ni makala!"

Trésor alimtazama Papy. Halafu akanitazama mimi, kwa huruma kabisa, na huruma ile iliniudhi kuliko tusi.

"Béa, haukukuwako."

Niliwaambia: sawa, tulibadilisha vitu viwili, makala na mimi. Basi turudie na makala makavu, na mimi nikiwepo, tuone. Kitu kimoja tu, kama tulivyofundishwa. Papa Monga akasema nikija yeye anaondoka na mvukuto wake. Nikaenda kwa Monsieur Kabeya, na nilikwenda nikitembea kwa maringo, maana nilijua nimekwisha kushinda. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaanza kunyoosha mkunjo wa suruali yake kwa vidole viwili.

"Béa, uko na raison. Uko na raison kabisa. Lakini Papa Monga akikatala kuvukuta, hatuna kitu ya kuonyesha. Na directeur anangojea."

Mpaka leo sijui kama namlaumu. Mshahara wake wenyewe ulikuwa unakuja ukitaka. Lakini jibu lile liliniuma, kwa sababu kama angesema sina haki ningebishana naye, na yeye alinipa haki kisha akaniacha nayo mkononi.

Mama ndiye aliyemaliza maneno, jioni, akichambua majani ya lengalenga. "Mwanangu, sikia. Ukienda pale, moto ikikatala, watasema ni weye. Watasema mpaka uzeeke. Ukibakia na ikikatala, haiko mambo yako." Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Nilikubali.

Siku ya mashindano nilisimama nje ya ukuta wa shule iliyotupokea, karibu na mama mmoja aliyekuwa akikaanga maandazi. Baridi ya Juni ilikuwa kali, na yule mama alinisogeza karibu na mafuta yake nipate joto. Wenzangu walikuwa wamejenga tanuru jingine mle ndani, na juu ya ukuta niliona moshi wetu. Mwanzo ulikuwa mweupe, halafu ukapungua, halafu ukawa mwembamba kabisa, na nilijua ndani ya tanuru moto umekolea. Yule mama aliniuliza mbona siingii kama wenzangu. Nikamwambia namngojea mtu.

Kelele zilipopasuka ndani, yeye ndiye aliyesema, "Aa, bamepata kintu kule." Nilikimbia getini, mlinzi akanizuia, nikaona kwa mbali Trésor amebebwa mabegani na Papa Monga anacheza na mvukuto wake kichwani. Jioni Papy alinisimulia. Jaji mmoja aliwauliza kwa nini mara mbili za kwanza walishindwa, na Trésor akajibu kwa Kifaransa safi kwamba makala yalikuwa yamelowa, kwamba walibadilisha kitu kimoja tu, wakapata. Majaji walipiga makofi. Yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno. Na mimi, mtanicheka, nilifurahi usiku kucha. Nilisema moyoni: basi, hatimaye ameelewa.

Waliokwenda univerisiti ni wale waliosimama mbele ya tanuru. Trésor na Papy walivaa blauzi nyeupe, mimi nilikaa likizo yote nikiuza kinywaji cha munkoyo na mama. Papy aliporudi nilimuuliza maswali mpaka akachoka: chupa zikoje, moto wa gesi una rangi gani, mnaruhusiwa kugusa? Alinijibu yote, masikini, na kila jibu lilinipa njaa zaidi.

Mwaka uliofuata nikahamia upande wa biashara. Hakuna aliyenifukuza kwenye sayansi, na hilo ndilo ninalojutia. Tanuru letu lilibaki nyuma ya shule. Jumamosi yoyote ningeweza kukausha gunia langu, kuazima mvukuto kwingine, na kuwasha mwenyewe. Sikwenda. Kila nikifikiria kwenda nilijitafutia kazi nyingine, kwa sababu swali moja lilikuwa limeniingia: je, na moto ukikataa kweli? Basi nikaacha mvua za Novemba zilibomoe, na leo nauza vitenge sokoni Kenya. Nauza vizuri, namshukuru Mungu, lakini nikipita karibu na univerisiti huwa natazama upande mwingine.

Siku hizi mambo ni mengine. Mashirika yanatafuta wasichana wa sayansi kwa tochi. Wanapewa tisheti, wanapewa maji ya chupa, wanapigwa picha wakitabasamu na miwani ya plastiki. Sisi tulizaliwa mapema. Binti yangu Grâce mwaka huu alipeleka kwenye mashindano volkano ya bikaboneti, kana kwamba Lubumbashi ina volkano. Nilimuuliza kwa nini povu linatoka. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la babu wa jirani. "Mama, video haikusema." Yo! Sisi hatukuwa na video wala bikaboneti ya kuchezea, lakini tuliuliza kwa nini mpaka walimu wakakimbilia mkutanoni. Halafu nikimaliza kumcheka namwonea wivu, maana yeye alisimama mbele ya meza yake mwenyewe, na hakuna aliyemwambia akae nje ya ukuta.

Juzijuzi nilikutana na Trésor harusini. Sikuwa nimemwona miaka mingi. Ni injinia sasa, mkuu wa matanuru kwenye kiwanda kimoja cha mukuba, kitambi mbele, gari nje. Alinikumbatia kwa mapenzi ya kweli, akamwita mke wake.

"Chérie, kuya uone! Njo huyu Béa nilikuwaka nakuambia. Siku ya concours alikubali kubakia inje, njo tukapata mukuba. Bila yeye, mimi singekuwa injinia."

Mke wake alinishika mkono kwa mikono miwili. "Aksanti sana, mama," akasema, na alimaanisha.

Nilidhani ni mzaha. Nikamwambia, "Trésor, lakini uliambia ba-jury ni makala ilikuwa imelowana."

Alicheka mpaka akajishika tumbo. "Ah, Béa! Ile ilikuwa ya ba-jury."

Mke wake naye akacheka, na mimi nikacheka, maana harusini utafanya nini. Mtu mzima, diploma ukutani, anapima joto la matanuru kila siku ya Mungu! Miaka yote hii nilikuwa nikijifariji kwamba angalau mmoja wetu aliyeingia mle ndani alikuwa ameelewa. Nikamuuliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama siku hizi kuna wasichana wanaofanya kazi kwake.

"Beko, mingi hata! Bana mayele, bana akili sana," akasema, akinimiminia Fanta. "Banatumikaka ku bureau, haiko ku matanuru."

Nikatafuta kwa macho Grâce wangu katikati ya waliokuwa wakicheza, nikaogopa upya.