Mwaka Nilioamua Kukatwa Tumbo

Miaka ile ya vita vya serikali na waasi nilikuwa mnene kuliko mwanamke yeyote niliyemjua Garissa. Nilikuwa nimepita thelathini kidogo, mke wa fundi cherehani, mama wa watoto watatu, na kazi yangu ilikuwa ukalimani katika hospitali ya serikali. Marehemu baba alikuwa polisi, akapelekwa kufanya kazi pwani nikiwa mtoto, na Kiswahili nilikiokota huko. Kwa hiyo daktari alipotaka kujua mgonjwa anaumwa wapi, mimi ndiye niliyeuliza kwa Kisomali na kujibu kwa Kiswahili.

Baada ya mtoto wa tatu tumbo langu lilishuka. Wanawake wengi hushuka tumbo wakizaa, lakini langu lilining'inia mpaka nikikaa linafunika mapaja. Chini yake, pale ngozi ilipolalia ngozi, jasho halikukauka. Vidonda vilitoka, vikapona, vikatoka tena. Mume wangu alinishonea mkanda mpana wa kitambaa cha marekani wenye kamba za kufungia mabegani, ili uniinulie tumbo nikiwa natembea. Aliushona mwenyewe, usiku wa Ramadhani, bila kuniuliza kipimo. Nikisali, kusujudu kulikuwa rahisi, kuinuka ndiko kulikonishinda. Nilishika ukuta.

Mahali pekee niliposahau uzito wangu ni mtoni. Wanawake tulikuwa na sehemu yetu iliyozungushiwa miiba kwa sababu ya mamba, na mchana, katika saa tulizoruhusiwa na askari kutoka, tuliteremka kuoga na nguo zetu. Maji ya Tana ni mazito, mekundu kama chai ya maziwa. Nilikuwa nikiingia mpaka kifuani, na tumbo lile linainuka lenyewe, linaelea mbele yangu kana kwamba si langu. Nilifumba macho. Sauti za wenzangu zilikwenda mbali, jua likawa jekundu ndani ya kope, na nikahisi mwili wa msichana niliyekuwa zamani ukisimama ndani ya maji kwa miguu yake miwili. Sijui nilikuwa nikikaa kiasi gani. Waliniita mara mbili, tatu, ndipo nikatoka, na kila hatua ya kupanda ukingo uzito ukanirudia kidogo kidogo.

Katika mwaka wa pili wa vita mama aliletwa mjini. Alikuwa akichunga upande wa Dadaab, ambako siku hizo kulikuwa na kisima na miti tu, na ngamia wake walijulikana kwa maziwa. Ilipotolewa amri watu wa malishoni wakusanywe katika vijiji vyenye ua na walinzi, ngamia walichukuliwa. Wengine walisemekana kufa njiani, wengine hatukusikia habari zao tena. Mume wangu alikwenda kwa wakubwa mara nne kuomba kibali, hatimaye mama akaruhusiwa kukaa kwetu. Alifika na mkeka, kibuyu kitupu cha maziwa na fimbo. Alikuwa amekonda hata sikumtambua mlangoni. Alinishika tumbo kwa mikono miwili kabla hajanisalimu.

"Alhamdulillahi," alisema. "Wewe bado upo."

Miezi michache baadaye alikuja daktari mgeni wa upasuaji. Alisafiri na msafara wa magari ya jeshi, akakaa wiki mbili, akapasua ngiri na majipu, na mimi nilisimama pembeni nikitafsiri. Siku moja aliniona nimeegemea meza, nimefunga macho kwa maumivu. Aliniuliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka sana, kama cha kitabuni, kama naumwa. Nikamwambia habari ya vidonda. Muuguzi, mama wa Kipokomo aliyekuwa rafiki yangu, alinipeleka nyuma ya pazia, na daktari akaangalia.

"Hii inaweza kukatwa," alisema. "Ngozi na mafuta yote yaliyoning'inia. Halafu nashona kutoka nyonga hii mpaka nyonga ile."

"Nitakuwa mwembamba?"

"Hapana. Utabaki mnene. Lakini utatembea, na vidonda vitakwisha." Alinawa mikono. "Nitarudi baada ya miezi mitatu. Fikiri. Zungumza na watu wako."

Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa kama mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi. Njia ilikuwa ileile, mbuzi walewale wachache wakitafuna karatasi, lakini kila kitu kilitetemeka kwa joto na mimi nilikuwa naona mwanamke mwingine akitangulia mbele yangu, amebeba ndoo, anatembea haraka.

Niliwaambia jioni, kabla ya maghribi. Mume wangu aliweka mkasi chini.

"Nguo naweza kuipunguza," alisema. "Ikiharibika nachukua kitambaa kingine. Wewe nitakuchukua wapi?"

Mama aliswali kwanza. Kisha akageuka juu ya mkeka wake, akaniita hooyo, yaani mama, kama mama wa Kisomali anavyomwita pia mtoto wake.

"Hooyo, watu wanakonda kwa njaa. Mimi mwenyewe nimeona mtoto akilamba ngozi iliyokaushwa. Na wewe unataka kwenda kukatwa mafuta, yatupwe?"

 Alichosema kilikuwa kweli. Hospitalini nilikuwa nikitafsiri maneno ya wanawake ambao maziwa yalikauka vifuani, na walinitazama tumbo nikiongea. Wapo walioligusa kwa ncha ya kidole, kama watu wanaogusa kitu cha baraka.

Wiki zilizofuata habari ilienea. Jirani alikuja kuniambia kwamba mwanamke mnene ni heshima ya mumewe. Mwingine alisema dawa ya usingizi ya wazungu humtoa mtu roho na kumrudishia nusu. Usiku niliota nimelala juu ya meza ya fundi, mume wangu ameshika chaki, anachora mstari juu yangu na hathubutu kukata.

Daktari aliporudi nilimwomba azungumze na watu wangu. Tulikaa kwenye chumba kidogo cha sindano: yeye kwenye kiti, mume wangu amesimama, mama sakafuni kwa kuwa hakupenda viti. Mume wangu alikijua Kiswahili cha sokoni tu, mama hakukijua kabisa, isipokuwa maneno machache aliyoyapata kwa askari, kama simama, kaa chini, haraka. Hivyo mkalimani nikawa mimi. Nilitafsiri mwili wangu mwenyewe.

"Waambie anaweza kupoteza damu nyingi," alisema daktari.

Nikawaambia.

"Waambie kidonda kinaweza kuoza. Katika joto hili, na bila vifaa vya kutosha, hilo linatokea."

Nikawaambia.

"Waambie kuna watu hawaamki."

Hapo nikamgeukia mama. Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema, anasema ni kazi ndogo, atarudi nyumbani keshokutwa. Daktari asingejua. Kwa miaka minne maneno ya watu wengine yalikuwa yamepita mdomoni mwangu na sikuwahi kubadilisha hata moja, na sasa yalikuwa maneno yangu, na ulimi ulikuwa mzito. Mama alinikazia macho.

"Amesema nini?"

"Amesema kuna watu hawaamki, hooyo."

Mume wangu alitoka nje. Nilimsikia akikohoa ukutani, kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua. Mama alibaki, akaukunja ushungi wake, akaukunjua, akaukunja tena.

"Hayo mafuta unayajua yametoka wapi?" aliniuliza.

"Yametoka wapi?"

"Kila ulipozaa uliletwa kwangu. Siku arobaini nilikunywesha maziwa, asubuhi na jioni, mpaka ukalia umeshiba. Ni maziwa ya ngamia wangu hayo. Yule mweupe, na mama yake, na yule aliyekuwa na sikio lililokatika. Wamekwisha wote. Nimebakiwa na hayo tu."

Daktari aliniuliza mama anasema nini. Nikamwambia, "Anafikiri." Ni mara ya pekee niliyodanganya kazini.

Nakumbuka siku nne zilizofuata kama kitu kilichotokea chini ya maji. Daktari angeondoka na msafara baada ya wiki mbili na alitaka jibu mapema ili apate siku za kuangalia kidonda kabla ya kuondoka. Siku ya tatu niliteremka mtoni. Niliingia kwenye maji mekundu, tumbo likaelea, nikaliwekea mikono yote miwili juu, na kwa mara ya kwanza nililiaga. Nililiambia asante. Wenzangu walidhani nasoma dua. Nilipotoka nilikuwa nimeshaamua, ila sikumwambia mtu.

Siku ya nne askari walifanya msako mtaani kwetu. Tulitolewa wote nje asubuhi, tukaambiwa tukae chini uwanjani. Nilikaa. Ilipofika zamu yetu tukaambiwa tusimame, nami nikashindwa, hapakuwa na ukuta. Askari kijana alikuja, akaona mkanda wa marekani umejitokeza begani kwangu.

"Umefunga nini huko ndani?"

"Ni tumbo langu, mwanangu."

"Tumbo linafungwa kamba?"

Akanigusa kwa kitako cha bunduki, si kwa nguvu. Nyama ikatikisika. Aliondoa bunduki haraka, akatazama pembeni, akasema, "Haya, mama, kaa tu." Watoto wangu walikuwa wameona. Mama alikuwa ameona. Alinijia, akaweka bega lake kavu chini ya kwapa langu, na mume wangu upande wa pili, wakaninyanyua.

Tulipoingia ndani mama alisema, "Nenda ukakatwe."

"Si kwa sababu ya yule, hooyo. Nilikuwa nimeamua jana."

"Basi nami nimeamua leo," alisema. "Sababu zetu si lazima zifanane."

Mume wangu alitia sahihi yake kwenye karatasi. Mkono uliokuwa ukinyoosha mshono bila rula ulikwenda upande.

Asubuhi ya kupasuliwa mama alinifuata mpaka mlango wa chumba. Muuguzi alimzuia kwa upole. Daktari alikuwa ameshavaa glovu, na mama akamnyooshea kidole, akakusanya Kiswahili chake chote.

"Daktari," alisema. "Haraka habana. Bole bole."

"Polepole, mama," daktari alimjibu. "Nakuahidi."

Waliniwekea kitambaa puani. Harufu ilikuwa tamu na chafu, kama matunda yaliyooza mbali. Niliambiwa nihesabu, nikahesabu kwa Kisomali, na nikapotelea kwenye nambari. Nakumbuka uwanda mpana mweupe na upepo usio na sauti. Nakumbuka kengele za mbao za ngamia, zikija, zikija, halafu zikipita. Sikuwaona. Nilisikia tu miguu yao laini mchangani, na harufu ya moshi ndani ya kibuyu, na mtu fulani akipiga mbinja kuwaita. Nilitaka kumwuliza anawapeleka wapi. Nilipofungua mdomo alikuwa muuguzi, ananipiga kofi dogo shavuni, ananiambia nitapike upande.

Nilichokatwa kilikuwa kizito kama mbuzi mchanga, ndivyo alivyosema muuguzi. Walikuwa wakitaka kukichoma, mama akakataa. Aliomba apewe. Muuguzi alikifunga kwa shuka kuukuu, na mama na mume wangu wakakipeleka nje ya ua wa hospitali, mchana wa jua kali, wakachimba, wakakizika kama inavyotakiwa kuzikwa kiungo cha Mwislamu. Mume wangu aliniambia baadaye kwamba shimo lilipofukiwa mama alikaa pale akisawazisha mchanga kwa kiganja, na alikuwa akitaja majina. Hakumwuliza ni majina ya nani.

Kidonda kilioza upande wa kushoto, kama daktari alivyotuonya. Homa ilinichukua kwa siku nyingi. Dari ya wodi ilikuwa na doa la maji lililobadilika kila nilipolitazama, mara mti, mara uso. Daktari aliahirisha safari, msafara ukaondoka bila yeye. Kila asubuhi muuguzi aliniosha kwa maji ya chumvi na mimi niliuma ncha ya shuka. Mama alilala chini ya kitanda changu. Alinikorogea maziwa ya unga ya hospitali, aliyoyadharau sana, akayaonja kwanza yeye, akakunja uso, akasema, "Haya hayakutoka kwa mnyama yeyote ninayemjua. Kunywa."

Sikumwuliza kama alikuwa akijuta. Mimi mwenyewe, siku mbili au tatu, nilijuta. Nilifikiri nimeuza roho yangu ili nitembee haraka kwenda sokoni, na niliwaza watoto wangu wakiitwa wa yule aliyejikata. Kisha homa ikashuka asubuhi moja bila kuaga, na nikaomba chai.

Nilitoka hospitali baada ya wiki sita. Sikuwa mwembamba. Mashavu yalikuwa yaleyale, na mikono ileile, na mshono ulinivuta kila nilipocheka. Lakini nililala kifudifudi. Siku ya kwanza nilipolala hivyo, kifua na tumbo vimegusa mkeka, nililia, na mume wangu akadhani mshono umefunguka.

Nilirudi kazini mvua zilipoanza. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee aliyeletwa kutoka kijiji cha walinzi, macho yake yana ukungu. Alinisogelea, akanitazama kwa muda mrefu kwa jicho lenye nafuu.

"Hapa palikuwa na mkalimani mwanamke," alisema. "Mnene, mwenye huruma. Amekwenda wapi?"

Daktari mpya aliinua kichwa kusubiri tafsiri.

"Yupo," nilimwambia mzee, na nikavuta kiti karibu naye. "Niambie mimi, aabo, baba yangu. Unaumwa wapi?"