Maji Kwenye Sakafu ya Mworia

Siku hizi fundi wa vigae anapiga picha sebule kwa simu na bei inatoka kabla hajashusha begi, lakini zamani zile Nehemiah Oloo hakutaja bei ya sakafu mpaka ameitembea bila viatu, ameimwagia maji, na amejua nani huamka wa kwanza katika nyumba hiyo.

Nehemiah alikuja Nyeri kutoka Gem, kwa Wajaluo, akiwa askari polisi. Alipoacha kazi hakurudi kwao. Alibaki Nyeri, mtaa wa Skuta, na mkewe Benter, akawa fundi wa sakafu. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye miguu mipana, na alizungumza kama mtu anayesikiliza redio katika chumba cha pili. Mimi nilikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi mjini. Shule sikuipata, kusoma nilijifunza kwenye magazeti tuliyofungia misumari. Mteja mkubwa akitaka vigae vya nyumba nzima, nilitumwa pamoja na fundi kwenda kuhesabu mzigo. Ndivyo nilivyofika Endarasha, mwaka ule kahawa ilipopanda bei.

Mworia alikuwa ofisa wa kilimo, Mmeru wa upande wa Chogoria. Kahawa ya familia yake ilikuwa imemnunulia nyumba ya mzungu aliyeondoka, nyumba ndefu yenye vyumba vingi na ukumbi mwembamba uliopita katikati kutoka mwisho hadi mwisho. Mbao za sakafu zilikuwa zimeoza zikatolewa, na mahali pake palimwagwa simiti na mtu aliyekuwa na haraka. Tulifika ukungu bado umelala juu ya mashamba ya viazi. Moshi wa mwerezi ulitanda kila mahali. Mtu angeweza kuamini kwamba nyumba ile ilikuwa ikielea.

Nehemiah alivua viatu mlangoni.

"Fundi gani huyu?" Mworia akamwuliza mkewe. "Anavua viatu kama anaingia kanisani."

"Wewe ukivua hapa tutahama," Karimi akamjibu, na sisi sote tukacheka.

Nehemiah alitembea chumba baada ya chumba, polepole, macho yakiwa dirishani na akili ikiwa chini. Kisha akaomba birika la maji. Pimamaji alikuwa nalo, limefungwa ndani ya gunia, lakini alilitumia mwishoni tu, kama shahidi wa pili. Alimwaga maji kwenye kizingiti cha chumba cha mwisho akachuchumaa.

Tukayatazama maji. Sijui kama watu wa leo wana subira ya kutazama maji. Yalisimama kidogo, yakatoa ulimi, yakaingia ukumbini. Yalipita mlango wa stoo, yakakata kona, yakatiririka kwa utepe mwembamba uliobeba mwanga wa dirisha. Hata Mworia aliyafuata kwa hatua fupi, mikono nyuma. Karibu na jikoni yakakuta shimo dogo, yakajikusanya humo, yakatulia.

Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka na mama mzee akatoka, peku, shingo imenyooka, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa Nkatha, mama yake Mworia. Hakugusa ukuta. Kidole cha mguu kilipofika kwenye maji akasimama.

"Nani amemwaga maji kwa kona yangu?"

"Ni mimi, mama," Nehemiah akasema. "Fundi."

"Fundi gani hajui maji inakaa kwa ndoo?"

Alipogeuza uso kumtafuta, tukaona macho yake: meupe, kama maziwa yaliyoanza kuganda. Nehemiah aliinuka akamwomba amwonyeshe nyumba. Mama mzee alicheka, lakini alimpa mkono. Wakaondoka pamoja, nami nikiwa nyuma na kamba ya kupimia.

"Hapa iko ufa," alisema. "Hiyo ni mlango ya stoo. Hapa inapanda kidogo, ni chumba ya watoto. Hapa simiti inakwaruza. Kitanda yangu iko mbele."

"Na vigae vikija?"

Alipapasa sakafu kwa kidole cha mguu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mtoto yangu ananitengenezea nyumba. Mimi nitasema nini?"

Huko sebuleni Mworia alikuwa amechoka kungoja. "Haya, Oloo. Ni ngapi? Nyumba umeona, mlango umeona, hata choo umeona."

"Bado, mzee."

"Bado nini? Nataka uchimbe matuta yote, ujaze mashimo yote, uweke sakafu iliyonyooka kabisa. Mama yangu atajikwaa siku moja avunjike mguu. Hiyo ndiyo kazi. Taja bei."

Angeweza kutaja. Mafundi wengine walikuwa wanaitaka kazi ile, na mmoja wa Nanyuki alikuwa amekwisha kutuma salamu na bei. Nehemiah alisema tu, "Nipe leo mchana. Nipange vigae bila simiti, kutoka kwa mama mpaka jikoni. Tuone vile vitakaa."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake: kupanga vikavu kwanza, watu wakaishi juu yake kidogo, ndipo bei. Tulishusha kutoka kwenye lori la duka vigae vyekundu vya udongo vilivyokuwa vya mfano, vya kutosha ukumbi. Alijaza mabonde kwa mchanga, akaulainisha kwa ubao, akapanga. Jua lilipovuka paa ukumbi ulikuwa umenyooka kama meza, mwekundu, mzuri ajabu. Mworia aliutazama kwa furaha ya mtoto. "Mama!" akaita. "Njoo uone!"

Alisema "uone", masikini, kwa mazoea.

Nkatha alitoka chumbani. Aliweka mguu mmoja, wa pili, akatembea kidogo. Akasimama. Mguu wake ulipapasa kushoto, ukapapasa kulia. Mikono ikainuka hewani ikitafuta ukuta, na ukuta ulikuwa mbali kuliko alivyodhani.

"Mworia," akasema. "Mtoto yangu. Niko wapi?"

Mworia akainama. Alitazama mashimo ambayo hayakuwapo tena. Karimi ndiye aliyekwenda kumshika mama, na alipompita mumewe alisema polepole, "Kwa hivyo mashimo hayo ndiyo sababu hakuwahi kuanguka."

Mworia alikaa kwenye ngazi ya nje kwa muda, ukungu ukirudi kutoka msituni. Aliporudi alikuwa ameshika viatu mkononi. "Oloo, unaweza kurudisha ufa?"

"Ufa hapana. Lakini ninaweza kuweka kitu mahali pake."

Akaanza upya, Nkatha akisimama kando kama msimamizi. Mbele ya kila mlango vipande vidogo vilivyokatwa. Pa kupanda, vigae vilivyolazwa mshazari, viungo vyake vikiachwa na kina kidogo ili nyayo zivikute. Kwenye kona, mwinamo ule ule wa zamani.

"Hapana," mama mzee alisema. "Hiyo ni ya stoo. Unataka nilale na viazi?"

"Pole, mama. Inua mguu."

"Wewe inua mkono. Unanifinya."

Walikosea, wakapangua, wakapanga tena. Jioni, akiwa amekaa sakafuni, magoti mekundu kwa vumbi, Nehemiah alitaja bei. Ilikuwa zaidi ya ile ya Nanyuki, kwa sababu ya kukata na kwa sababu ya siku zitakazotumika. Mworia aliguna, akasema Wajaluo watamrudisha Chogoria akiwa uchi, akakubali.

Nyumba ile haipo. Warithi waliibomoa wakajenga nyingine yenye vigae vya kununua kwa katoni, vile vile vilivyoko Karatina, vile vile vilivyoko Nanyuki. Nehemiah na Benter walirudi Gem nikasikia tu.

Mara ya mwisho kuwaona nilikuwa nimepeleka mifuko ya mwisho ya simiti. Mvua nyembamba ilikuwa inanyesha na mlango ulikuwa wazi. Mworia na Nehemiah walisimama ukumbini peku, wakibishana juu ya kigae kimoja. Nkatha akatoka jikoni, peke yake, na birika la chai linalofuka moshi, akija kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli zake.

"Tokeni kwa njia," alisema.

Wanaume wale wawili wakajibana ukutani, akapita.