Habari za Maji

Tangu mama amfuate baba kaburini, mkubwa wa nyumba ni mimi, na ukubwa huo niliuanza kwa kuacha shule darasa la sita. Kwa hiyo bomba la kwetu Mnyambe lilipokauka, na mdogo wangu wa kidato cha pili akawa anateremka bondeni kuchota maji wakati wenzake wako darasani, niliona ni zamu yangu kuandamana. Kuandamana kwenyewe sikukujua. Nikaenda polisi kuuliza.

"Shikamoo, afande. Naomba kibali, kina mama twende na ndoo tupu mpaka ofisi ya maji."

"Marahaba. Sheria inataka taarifa, dada, haitaki maombi. Lakini kwa kuwa umeomba, nimekunyima."

"Tukienda wachache?"

"Watatu wenye nia moja ni mkusanyiko."

Nyumbani tuko wanne, na ugali ukiiva nia yetu huwa moja. Sikumwambia.

"Na mtu mmoja?"

Akafikiri. "Mmoja ni mteja."

Basi nikaenda Newala mjini kama mteja, ndoo kichwani, hotuba nikiirudia njia nzima. Ilikuwa kali, hata mimi iliniogopesha. Mkubwa wa ofisi akatoka, nikajikuta nimepiga goti.

"Shikamoo, baba. Natoka Mnyambe."

"Marahaba, mama. Habari za Mnyambe?"

"Nzuri."

"Za watoto?"

"Nzuri."

"Za maji?"

"Nzuri tu, baba, tunashukuru."

Kwetu habari hujibiwa nzuri hata nyumba ikiwa inaungua. Mabaya hufuata baadaye. Yeye hakuingoja hiyo baadaye. Akapanda gari, amefurahi.

"Umewaambiaje?" mdogo wangu aliniuliza jioni.

"Nimewaambia habari za maji ni nzuri."

Alicheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka. Kisha akainuka, akachukua ndoo ileile, akashika njia ya bondeni. Mimi nikaacha kucheka.

Kesho yake nilikuwa pale pale ofisini, ndoo kichwani.

"Habari za Mnyambe, mama?"

"Mbaya."

Mguu wake mmoja ulikuwa tayari garini. Mlinzi akavua kofia, akidhani nimefiwa.

"Mbaya?"

"Za maji ni mbaya, baba. Na za mtoto wa shule aliyeko bondeni sasa hivi ni mbaya zaidi."

Mguu ukarudi chini.

"Ingia ndani," alisema, bila furaha. "Na hiyo ndoo yako."